Emalsifaya ya poligliseroli inakusumbua kwenye maji? Anza na dalili

Wadau wengi wa losheni, sprei na sabuni za maji siku hizi wamebadilisha emalsifaya, yaani kile kitu kinachofanya mafuta na maji vikae pamoja: wamehama kutoka polisobeti kwenda kwenye esta za poligliseroli, na sababu zinajulikana: wateja wanataka vitu vya asili, polisobeti inatengenezwa kwa ethilini oksaidi na inaweza kubaki na chembe za dioksani, kemikali isiyotakiwa, wakati hizi nyingine zinatoka kwenye glisarini na mafuta ya mimea. Sawa kabisa. Shida ni kwamba mtu anabadilisha emalsifaya halafu resipe inabaki ileile gramu kwa gramu, tabia zilezile za polisobeti, kisha chupa ikianza kuchafuka anasema kauziwa feki. Mara nyingi sio feki, ni kwamba hii kitu ina mambo yake.

Kwanza ujue ndani ya ndoo kuna nini. Glisarini inapashwa moto na alkali kidogo, joto linapita nyuzi 200, molekuli zinashikana huku maji yakitoka, unapata minyororo ya glisarini mbili, tatu, nne, mpaka kumi na kuendelea. Halafu mnyororo unafungwa na asidi ya mafuta: lauriki inayotoka kwenye nazi na mise, steariki, oleiki, kapriliki na kadhalika. Mnyororo ndio kichwa kinachopenda maji, asidi ya mafuta ndio mkia unaoyakimbia, na vikifungwa pamoja ndio tunaita esta. Jina linafuata mkia: wa lauriki ni laureti, wa steariki ni steareti, wa oleiki ni oleti. Sasa ile namba kwenye lebo, poligliserili-10 au poligliserili-3, ni wastani tu. Ndani ya ndoo iliyoandikwa 10 kuna minyororo mifupi na mirefu na mingine imejikunja duara, kuna yenye mkia mmoja na yenye miwili mitatu, kuna poligliseroli tupu isiyo na mkia kabisa, na mara nyingi kuna sabuni kidogo iliyobaki kutokana na ile alkali. Karibu kila dalili hapa chini inarudi kwenye mchanganyiko huo, kwa hiyo uukumbuke.

Kabla hujagusa resipe: kipimo cha glasi

Usianze kubadilisha resipe ukiwa hujui emalsifaya yenyewe inafanyaje kwenye maji matupu. Chukua glasi safi inayoona, weka gramu 99 za maji ya distila (yale maji ya betri yanafaa, nasema maji ya betri na sio asidi ya betri, soma lebo), ongeza gramu 1 ya emalsifaya, pasha mpaka nyuzi 70, koroga taratibu bila blenda, acha ipoe yenyewe juu ya meza. Halafu washa tochi ya simu pembeni ya glasi, zima taa ya chumba, uangalie.

Ikiwa safi kama maji na mwanga wa tochi unapita bila kuonekana sana, una esta yenye kichwa kikubwa na mkia mfupi, mfano poligliserili-10 laureti, HLB yake (namba inayoonyesha emalsifaya inapenda maji kiasi gani kuliko mafuta) kama 15 hivi, hii ni ya kuyeyushia mafuta ya manukato kwenye maji. Ikiwa na ubluu hafifu na mwanga unaacha njia ndani ya maji, kuna vikundi vikubwa kidogo vya molekuli, bado inatumika ila itakuwa na mipaka. Ikiwa nyeupe ya maziwa, na ukizungusha glasi unaona mistari inang'aa inazunguka na maji, hizo ni tabaka, molekuli zimejipanga karatasi juu ya karatasi, hii sio ya sprei, ni ya losheni na krimu. Ikiwa vipande vyeupe vinaelea baada ya kupoa, hiyo ni steareti ambayo imeganda. Na ukiona matone ya mafuta yamekaa juu au chini na maji yako safi pembeni, umenunua kitu cha kuweka maji ndani ya mafuta, E476 kwa mfano, ile inayotengenezwa kwa mafuta ya mbarika na inayowekwa kwenye chokoleti, hiyo haiyeyuki kwenye maji hata ukiikoroga mpaka kesho.

Kuna kipimo kingine cha haraka kama unataka kujua inafanya kazi ya kushusha mvutano wa uso au la. Maji matupu yana mvutano kama 72 mN/m kwenye nyuzi 25, laureti nzuri inashusha mpaka kwenye 30 hivi, na inafanya hivyo kwa kiasi kidogo sana, chini kabisa ya asilimia moja. Huna mashine ya kupima, sawa, chuma jani la gimbi, weka tone la maji matupu, litakaa duara na kuteleza, weka tone la mchanganyiko wako, likitandaa na kulowesha jani basi emalsifaya iko kazini. Likibaki duara, umeweka kidogo mno au haijayeyuka.

"Sprei yangu imekuwa ya ukungu"

Hii ndio kesi inayoongoza. Mtu ana mafuta ya karafuu au mchaichai, anataka sprei ya chumba au ya mwilini iwe safi, anapata maji ya maziwa.

Angalia mpangilio kwanza kabla ya kipimo. Emalsifaya haitiwi kwenye maji halafu mafuta juu, inatakiwa mafuta na emalsifaya vikutane peke yao kwanza, vikorogwe mpaka viwe kitu kimoja kisicho na mawingu, ndipo maji yaingie kidogokidogo. Laureti ya 10 ni nzito, inashuka taratibu kwenye kijiko, ipashe kidogo kwenye maji ya moto ndipo uipime, la sivyo nusu inabaki kwenye chombo na wewe unadhani umeweka zote.

Sasa hapa kuna mtego ambao watu wengi wanauangukia. Ukianza kuongeza maji kwenye ule mchanganyiko, mwanzoni unakuwa mwepesi, halafu ghafla katikati unakuwa mzito, jeli kabisa, kijiko kinasimama. Watu wanaogopa, wanamwaga maji yote yaliyobaki kwa mkupuo ili "kuiokoa", na hapo ndipo inaharibika, maana ile jeli ni hatua ya kawaida, molekuli zimejipanga kwa mpangilio wa fuwele laini kabla hazijatengana kuwa vikundi vidogo tunavyoviita misela, ukimwaga maji mengi vipande vya jeli vinabaki vimefungiwa ndani yake mafuta na vinaelea kwenye chupa siku nyingi sana bila kuyeyuka. Ukifika kwenye jeli tulia. Ongeza kijiko kidogo, koroga mpaka maji yote yamemezwa, ongeza kingine. Joto la nyuzi 40 linasaidia. Itapita yenyewe na baada ya hapo itakuwa nyepesi tena na unaweza kuongeza maji yaliyobaki bila shida.

Mpangilio ukiwa sawa na bado kuna ukungu, ni kipimo. Sehemu 1 ya mafuta ya manukato inahitaji kuanzia sehemu 4 za emalsifaya, mafuta mengine yanafika 8 au hata 10, inategemea mafuta gani. Wengi wanakuja na kipimo cha sehemu 1 kwa 1 au 1 kwa 2 walichokuwa wanatumia kwenye losheni. Losheni ni kitu kingine, pale unataka matone ya mafuta yaelee, hapa unataka mafuta yaingie ndani ya misela yapotee kabisa machoni, na misela ina nafasi yake haipanuki milele.

Na kama umechanganya mafuta ya karafuu na mafuta ya nazi au alizeti ndani ya sprei, ondoa hayo ya kupikia. Molekuli zake ni kubwa mno, hakuna kiasi cha kawaida cha laureti kitakachoyafanya yawe safi ndani ya maji. Hapa simung'unyi maneno, nimeona watu wanapoteza chupa nzima ya emalsifaya kujaribu.

Ukungu unakuja kwenye joto au kwenye baridi?

Swali hili dogo linaokoa muda kwelikweli. Polisobeti na ndugu zake wanaotokana na ethilini oksaidi, ukipasha maji moto wanapoteza maji waliyoyashika, wanakuwa mawingu, kwa hiyo watu wamezoea kusema joto limeharibu. Poligliseroli ina vikundi vingi vya OH vinavyoshika maji kwa nguvu, kwa hiyo esta zenye kichwa kirefu hazisumbuliwi sana na joto, unaweza kuzipasha vizuri tu zikabaki safi.

Kwa hiyo kama sprei yako ina ukungu mchana kwenye gari lililoegeshwa juani halafu usiku inasafika, usikimbilie kulaumu kichwa, hasa kama ni cha 10. Angalia kama umetumia esta ya kichwa kifupi, ya 2 au ya 3, hizo ndio zinajitenga na maji kirahisi, au kama chumvi ni nyingi kwenye maji yako maana chumvi inanyang'anya kichwa maji yake.

Kama ni kinyume, yaani Dar es Salaam iko safi ila mteja wa Njombe anapiga simu Julai anasema chupa ina theluji chini, hiyo ni mkia umeganda. Steareti na palmiteti zinahitaji joto ili ziyeyuke, ukishuka chini ya kiwango chake zinajipanga kuwa fuwele. Ishike chupa kwenye maji ya uvuguvugu, ikisafika jibu umelipata. Hamia kwenye laureti, kaprileti au oleti, mikia mifupi au iliyopinda haigandi kirahisi. Kuongeza emalsifaya ileile hapa ni kuongeza theluji.

"Losheni imejitenga"

Jitenga ipi? Kuna tatu na kila moja ina dawa yake, kwa hiyo weka chupa mezani uitazame usawa wa macho.

Kama juu kuna tabaka jeupe zito na chini kuna maji meupe-meupe, ukitikisa inarudi, matone yamepanda tu. Hayajavunjika. Dawa ni kuongeza uzito wa maji kwa zanthani (unga wa gamu unaofanya maji yawe mazito) 0.2 hadi 0.4 kwa mia, na kupiga blenda vizuri ili matone yawe madogo.

Kama juu kuna mafuta kabisa, ya njano, yanang'aa, ukitikisa yanarudi juu baada ya muda mfupi, matone yameungana, emalsifaya imeshindwa. Hapa ndio unafungua habari ya HLB, ile namba ya 0 hadi 20 aliyoianzisha William Griffin mwaka 1949 akiwa Atlas Powder Company kule Marekani. Mafuta ya nazi yanataka kama 8, ya mbarika yanataka kama 14, kwa hiyo mtu aliyetoa losheni ya nazi akaigeuza kuwa ya mbarika bila kugusa emalsifaya amejitakia. Kama una emalsifaya mbili, moja ya 12 na nyingine ya 5, na unataka 8, unachukua 43 kwa mia ya ile ya 12 na 57 kwa mia ya ile ya 5. Hesabu yake ni 8 toa 5, gawa kwa 12 toa 5.

Lakini usiiabudu hiyo namba. Kipimo kile kilikua na kukomaa kwenye emalsifaya za aina ya polisobeti, kampuni ileile ndiyo ilikuwa inaziuza, na kwenye poligliseroli kinadanganya kidogo kwa sababu ile poligliseroli tupu isiyo na mkia inahesabiwa kama kichwa na kupandisha HLB kwenye karatasi wakati kazi yake kwenye mafuta ni sifuri, imeyeyuka tu kwenye maji na kukaa pale. Kwa hiyo ndoo mbili zenye HLB 12 zinaweza kukupa losheni mbili tofauti kabisa. Anza na hesabu, halafu fanya chupa tano ndogo, moja katikati na nyingine juu na chini yake kidogo, uache kwenye joto siku kadhaa uone ipi inasimama. Na kiasi cha jumla, kwa losheni yenye mafuta 20 kwa mia, emalsifaya 4 hadi 5 kwa mia ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ya tatu, maji safi yametoka chini, juu losheni imekuwa ngumu na kupungua ujazo. Hiyo sio HLB. Hiyo ni tabaka zimekunjana na kutema maji, na chanzo chake kikubwa ndio hiki kinachofuata.

Vipande baada ya kuweka ndimu, chumvi au maji ya kisima

Lebo inasema haina chaji, na kweli molekuli yenyewe haina chaji, ndio maana watu wanaambiwa haijali chumvi wala maji magumu. Ila ile sabuni kidogo iliyobaki kiwandani ina chaji hasi, na kwenye esta za steareti hiyo sabuni ndiyo inayofanya tabaka zisukumane na kuacha nafasi ya maji kukaa katikati. Ni kiasi kidogo lakini kinabeba kazi kubwa. Ukitia asidi ya sitriki au ndimu, sabuni inageuka kuwa asidi ya mafuta, chaji inapotea, tabaka zinagusana, maji yanatoka, unaona vipande kama vile maziwa yamekatika. Ukitia chumvi, au ukitumia maji ya kisima ya ukanda wa pwani ambayo hata chai haiendi vizuri, chaji inazibwa na matokeo ni yaleyale. Maji magumu yenye kalsiamu yanaikamata sabuni hiyo moja kwa moja.

Jinsi ya kujua ndio hicho: tengeneza losheni ileile kwa maji ya distila bila asidi wala chumvi. Ikisimama, umeshamkamata mwizi. Rudisha kitu kimoja kimoja, asidi leo, dondoo la aloe vera kesho (aloe vera ina chumvi chumvi zake, watu wanasahau), uone kipi kinaivunja.

Dawa: usiweke unga wa sitriki mkavu kwenye losheni, uyeyushe kwanza uwe 10 kwa mia, weka matone mwishoni losheni ikiwa imepoa chini ya nyuzi 40, koroga na upime pH kila mara, usimamie kwenye 5.5 kama huna sababu ya kwenda chini zaidi. Kama lazima ushuke, tafuta gredi iliyosafishwa sabuni na ambayo msambazaji anakuhakikishia inafanya kazi kwenye asidi, au changanya na emalsifaya kidogo yenye chaji yake mwenyewe, mfano sodiamu stearoili laktileti, E481, nusu asilimia tu. Chumvi nyingi lakini itaishinda hata hiyo, usitegemee muujiza.

Ndoo mpya, resipe ileile, losheni tofauti

Kama umeelewa habari ya wastani hapo juu, hii haikushangazi. Kiwanda kingine kimepika poligliseroli muda mrefu zaidi au kimefunga mikia mingi zaidi, jina kwenye lebo halijabadilika. Omba karatasi ya vipimo ya ndoo husika, sio ile ya matangazo, uangalie vitu vinne: thamani ya hidroksili (vikundi vya OH vilivyobaki wazi), thamani ya saponifikesheni (wingi wa mikia), thamani ya asidi, na kiasi cha sabuni. Saponifikesheni ikipanda wakati hidroksili imeshuka, mikia imeongezeka, emalsifaya imehamia upande wa mafuta. Asidi ikipanda sana, kuna asidi ya mafuta isiyofungwa au bidhaa imeanza kuvunjika stoo. Muuzaji akikwambia karatasi hiyo haipo, mimi nisingenunua ndoo nzima, ningenunua kilo moja nijaribu.

Weka pia kichupa cha ndoo ya zamani kila unapomaliza, utakihitaji siku ukifanya kipimo cha glasi mbili pamoja.

Punje kwenye krimu baada ya wiki kadhaa

Krimu ilikuwa laini siku ya kwanza, sasa ina mchanga. Chukua punje moja uiweke katikati ya kidole gumba na cha shahada, usisugue haraka, ibane tu uhesabu mpaka kumi. Ikiyeyuka ikawa mafuta, ni fuwele za mafuta yenyewe, shea bata ni mtuhumiwa wa kwanza, na mafuta ya nazi yanaganda kwenye nyuzi 24 hivi kwa hiyo Arusha na Mbeya yanaweza kuganda usiku na kuyeyuka mchana wenye joto. Dawa iko kwenye mafuta na namna ya kupoza, yeyusha shea kabisa na poza haraka huku unakoroga. Isipoyeyuka, ikabaki na kuteleza kinta-nta, ni steareti ya emalsifaya, ile hali yake laini yenye maji katikati ya tabaka imegeuka kuwa fuwele kavu. Punguza steareti, changanya na oleti au laureti kidogo ili mpangilio uvurugike usiweze kuwa fuwele, na ongeza glisarini ya kawaida kwenye maji.

Maji ndani ya mafuta: inatengana ukiwa bado unapiga blenda

Hizi za poligliserili-3 diaisosteareti na zinazofanana nazo. Kosa ni lilelile karibu kila mara, maji yameingia haraka. Hapa maji yanaingia uzi mwembamba, mafuta yakiwa yanapigwa muda wote, na ukiona dimbwi la maji juu simama usiongeze mpaka limemezwa. Na tofauti na yale ya juu kuhusu chumvi, hapa chumvi ni rafiki, magneziamu salfeti 0.5 hadi 1 kwa mia ndani ya maji inashikilia matone yasiungane. Ukisahau chumvi hiyo utaona machozi ya maji juu ya krimu ndani ya siku chache.

Hujui umetengeneza aina gani? Dondosha tone kwenye glasi ya maji. Likitawanyika maji yako nje, likibaki kidonge mafuta yako nje.

Sabuni ya maji haiwi nzito hata nikiweka chumvi

Kuwa nzito kwa chumvi ni tabia ya ungerol, ile malighafi ya povu ya sabuni za maji (SLES). Ungerol ina chaji, chumvi inaziba chaji, misela zinarefuka na kusokotana, sabuni inakuwa nzito. Poligliserili laureti haina chaji ya kuzibwa, kwa hiyo unaweka kijiko, unaweka kingine, hakuna kinachotokea isipokuwa sabuni ya chumvi, na ukizidisha ndio mawingu yanaanza. Acha chumvi, tumia zanthani uliyoiloweka kwanza kwenye glisarini ili isifanye mabonge.

Povu nalo, wateja wanalalamika halipo. Ni kweli, povu lake ni dogo ukilinganisha na ungerol na hakuna namna ya kulilazimisha. Changanya na dekili glukosaidi au koko betaini, yeye poligliseroli abaki kazi ya kupunguza ukali kwenye ngozi. Na kama ndani kuna oleti ya kichwa kifupi, itoe, hiyo inaua povu.

Harufu imebadilika

Pima pH. Ikiwa imeshuka kutoka pale ulipoiacha, esta inavunjika, mkia unaachana na kichwa na kuwa asidi ya mafuta. Lauriki inanuka sabuni-sabuni, kapriliki inanuka beberu, hutakosea. Vyanzo viwili: ama pH uliiweka mbali, chini sana au juu ya 8 (alkali inageuza esta kuwa sabuni, ndio maana hizi esta haziwekwi kwenye sabuni ya kostiki mkategemea zibaki salama), ama vijidudu vimeingia na vimeng'enya vyao vinakata esta. Harufu ikija pamoja na madoa au uzito kupungua ghafla, ni vijidudu, mwaga yote.

Na usishangae kwamba kihifadhi kilikuwepo. Parabeni zinapenda kuingia ndani ya misela na kukaa humo, zinakuwa hazipo kwenye maji ambako vijidudu vinaishi, kwa hiyo kiasi kilichotosha kwenye losheni ya emalsifaya chache hakitoshi kwenye sprei yenye laureti 8 kwa mia. Fenoksiethanoli, ukomo 1 kwa mia kwa sheria ya Ulaya, ikisaidiwa na benzoeti na sorbeti pH ikiwa chini ya 5.5, ni njia ambayo wengi wanaiendea, ila hiyo pH iangalie sambamba na ile habari ya vipande.

Waoka keki

Jeli ya keki nyingi zina E475, yaani esta ya poligliseroli ya kwenye chakula, pamoja na monogliseraidi, na kazi yake ni kushika hewa kwenye uji wa keki kwa kutumia zile tabaka laini. Keki ikitoka imelala, bonyeza jeli yenyewe kabla hujalaumu oveni. Jeli nzuri ni laini, inang'aa kidogo, ukiichota inaacha alama yenye kingo. Ikiwa imetoa maji, ina punje au imekuwa chaki, tabaka zimegeuka fuwele, labda iliwekwa friza au ndoo ilikaa wazi ikakauka, na hiyo haipandishi mayai hata ukiongeza mara mbili. Kama jeli iko sawa basi angalia mafuta au siagi uliyoyatia mapema, yanabomoa povu kabla halijajenga ukuta, yaache mpaka uji umeshapanda, uyamimine taratibu pembeni ya bakuli na uchanganye kwa mwiko, mikseri ikiwa imeshazimwa.